Tupeane uzoefu: Mpigaji wako wa homurani akihamishwa, unamuaga vipi?

KushotoKwaKushoto (mwanzisha mada)

Wakuu, heshima kwenu. Kwa wasiofuatilia besiboli sana, kisa chenyewe ni hiki. Jumapili ya Juni 15, 2025, Red Sox wa Boston wanawafunga Yankees 2-0 pale Fenway Park, uwanja wao, na kukamilisha kuwafagia mechi zote tatu. Rafael Devers wa Red Sox anapiga homurani yake, yaani mpira unaovuka uzio wa uwanja. Kabla usiku haujaingia Boston, ameshatua San Francisco Giants. Homurani 215, ubingwa wa 2018, mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 313.5, vyote vimepakiwa begi moja.

Sisi tuliolelewa na soka inatuchanganya. Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, alikuwa mchezaji huru na aliamua mwenyewe pa kumwaga wino. Huku klabu mbili zinakubaliana, mkataba unahamia na mtu, na mchezaji anapewa taarifa tu.

Chanzo hakikuwa kiwango. Februari alisajiliwa Alex Bregman, Devers akaondolewa ulinzi wa besi ya tatu (besi ni vituo anavyokimbilia mpigaji) na kufanywa mpigaji mteule, yaani apige bila kucheza ulinzi. Mwanzoni mwa Mei, Triston Casas wa besi ya kwanza akaumia goti, Devers akaombwa akazibe pengo, akagoma. Mwezi na nusu baadaye hayupo.

Uzi huu si wa kulia. Kila anayejua kitu kwa undani akiweke: lini uanze kuaga, jezi uifanye nini, siku akirudi ufanyeje, biashara yenyewe uipime vipi.

Mtaa wa Bleki

La kwanza kabisa: usiage kabla daktari hajapima.

Habari zikivuja kwamba "wamekubaliana", bado kuna hatua. Klabu zinabadilishana rekodi za afya, na hapo ndipo mengi hufia. Julai 29, 2015 mashabiki wa Mets wa New York walisoma kwenye simu, mechi ikiendelea, kwamba Wilmer Flores ameshakwenda Milwaukee. Alipokwenda kupiga wakasimama kumpigia makofi. Kijana akaelewa kilichotokea, akarudi uwanjani huku anafuta machozi. Biashara ikavunjika usiku ule ule kwa sababu ya nyonga ya Carlos Gómez, mchezaji waliyekuwa wanamleta. Siku mbili baadaye Flores akawamaliza Nationals wa Washington kwa homurani ya inningi, yaani awamu, ya 12.

(Huyo Flores alikuwa bado anapiga mpira mwaka 2025, tena San Francisco. Devers alimkuta huko.)

Ishara za kuaminika ni mbili. Mchezaji anatolewa katikati ya mechi bila jeraha na wenzake wanaanza kumkumbatia kwenye benchi: hiyo ni nzito. Jina linafutwa kwenye kikosi saa mbili kabla ya mechi: nusu kwa nusu, anaweza kuwa na mafua tu. Tangazo la klabu zote mbili ndilo la mwisho.

Na jueni dirisha lao. Tangu 2019 kuna siku moja tu ya mwisho, karibu na Julai 31, saa kumi na mbili jioni ya New York. Kwa Afrika Mashariki hiyo ni saa saba usiku, tarehe inayofuata. Devers aliondoka mwezi na nusu kabla ya hapo, ndiyo maana habari iliwakuta watu hawajajiandaa.

Kipengele

Naongezea kwa kifupi. Msimlaumu mchezaji kabla hamjasoma mkataba wake. Wanaoweza kukataa kuhamishwa ni wa aina mbili: mwenye kipengele cha kukataa alichokijadili mwenyewe, na aliyefikisha miaka 10 ya huduma kwenye ligi huku 5 ya mwisho ikiwa na klabu hiyo hiyo. Devers alianza ligi kuu Julai 2017, hana kimoja wala kingine. Giancarlo Stanton alikuwa na kipengele kamili. Marlins wa Miami walikuwa wameelewana na Giants na Cardinals mwaka 2017, akawakataa wote wawili, akaenda Yankees. Huyo wa Miami unaweza kumnunia. Wa Boston, alipangiwa safari.

Fundi Jezi

Nije kwenye jezi, maana humo ndimo watu wanaharibu mali.

Geuza jezi ndani nje, tazama mgongoni. Ukiona nyuzi zinazofuata umbo la herufi au zinazozunguka mstatili mrefu, ni ya kushonwa. Ukiona kitambaa kitupu, herufi zimegandishwa kwa joto. Kazi ni mbili tofauti.

Ya mstatili ndiyo rahisi. Herufi zimeshonwa kwenye utepe wa kitambaa cha rangi ya jezi, na utepe ndio ulioshonwa mgongoni. Unafumua utepe mzima, jina linabaki salama, unaweza kuliweka kwenye fremu. Tumia kile kichuma cha fundi cha kufumulia, si wembe. Fanya kazi kwa upande wa ndani: kata uzi mmoja, ruka mitatu, kata mwingine, hadi uzunguke. Kisha geuza jezi, shika uzi wa juu kwa kibano, uvute. Unatoka mrefu kama utambi. Ukigoma usiulazimishe. Rudi ndani ukatafute ulioruka. Polyesta ikivutwa kwa nguvu inakimbia uzi, na mstari ule hauzibiki.

Herufi zilizoshonwa mojamoja juu ya jezi yenyewe, bila utepe, ni kibarua. Mara nyingi zina tabaka mbili, rangi juu ya rangi. Ondoa la juu kwanza, herufi zote, ndipo ushuke la chini. Ukishika zote mbili pamoja utakata kitambaa. Jina la herufi sita kama DEVERS lipe saa mbili na taa nzuri.

Baada ya hapo utaona vitundu. Loweka kwenye maji ya uvuguvugu, sugua taratibu kwa kucha upande wa ndani, anika kivulini. Pasi iwe ya moto mdogo kabisa na kitambaa cha pamba katikati. Vingi vinajifunga. Kisichofungika ni kivuli cha jina: pale palipofunikwa hapakupigwa jua, kwa hiyo jezi ya misimu mitano itabaki na DEVERS hafifu hata ufanyeje. Usijaribu jiki. Polyesta inageuka manjano.

Za kugandishwa: puliza draya ya nywele sekunde 20 hadi 30 kwa herufi moja, nyanyua kona kwa kibano, vuta polepole kwa kulala, si kwenda juu. Gundi inayobaki isafishe kwa pamba yenye spiriti, ukijaribu kwanza ndani ya pindo.

Bi Kona

Fundi, na ile nyeupe ya nyumbani ya Red Sox? Yangu nyuma haina jina, ina 11 tu.

Fundi Jezi

Dada, hiyo usiiguse hata kidogo. Red Sox jezi yao nyeupe ya nyumbani haina jina mgongoni, na Yankees vivyo hivyo. 11 ni 11, siku moja itavaliwa na mwingine na wewe utakuwa umeshajipanga. Kwa Red Sox, jina lipo kwenye jezi ya kijivu ya ugenini.

Na anayewaza kununua ya Giants kisha ahamishie namba ya zamani, aache. Giants 11 imestaafishwa tangu 1944 kwa heshima ya Carl Hubbell. Devers kule anavaa 16.

Sekunde22

Siku ya kurudi ndiyo yenye mitego mingi, nitakaa hapo kidogo.

Zamani ungengoja hadi usahau. Ken Griffey Jr. aliondoka Seattle Februari 2000, akarudi kucheza pale akiwa na Reds Juni 2007. Miaka saba. Tangu 2023 kila klabu inakutana na zote nyingine kila msimu, na klabu za ligi mbili tofauti (ligi kuu yao imegawanyika mbili) hupokezana uwanja mwaka kwa mwaka. Juan Soto alihamishwa kutoka Nationals Agosti 2, 2022, na kwa bahati ya ratiba Agosti 12 alikuwa amerudi Washington na jezi ya Padres. Devers siku tano tu, Juni 20, alikuwa anapambana na Boston, ila kwa San Francisco. Kwa hiyo fungua ratiba siku ile ile ya tangazo, usingoje msimu ujao.

Ukiwa na tiketi, nenda geti likifunguliwa, kwa kawaida kama dakika 90 kabla ya mechi. Wenyeji hupasha kwanza, wageni huwafuata, kwa hiyo mara nyingi utamwona akipiga mazoezi. Chagua upande sahihi. Fenway benchi la wageni liko besi ya tatu, la wenyeji besi ya kwanza. Watu wengi hukaa upande waliouzoea, wakaishia kumwona mgongo.

Sasa makofi. Tangu 2023 kuna saa ya mrusho. Kati ya mpigaji na mpigaji kuna sekunde 30, na saa ikisoma 8 mpigaji awe ndani ya kisanduku cha kupigia, macho kwa mrushaji. Toa nane kwenye thelathini: unabakiwa na sekunde 22 za kumuaga mtu uliyekaa naye miaka minane. Akichelewa anahesabiwa mrusho mmoja dhidi yake bila mpira kurushwa. Si utani. Aprili 2023 Cody Bellinger alirudi Dodger Stadium na jezi ya Cubs, uwanja ukasimama, akaivua helmeti kushukuru, mwamuzi akampa adhabu hapo hapo. (Bellinger hakuhamishwa, Dodgers walimwacha, lakini saa haijui tofauti.)

Dawa yake: msingoje afike kwenye kisanduku. Anzeni pale anaposimama kutoka kwenye duara la anayesubiri zamu, mpigaji wa kabla yake akimaliza tu. Mkianza hapo, sauti inafika kileleni akiwa bado anatembea, na helmeti anaivua njiani. Ana ruhusa ya kuomba kusimamisha mchezo mara moja tu kwa zamu. Akiitumia kwa shukrani, hana tena ya kupumulia akibanwa. Video ya kumbukumbu ikionyeshwa kwenye skrini, mara nyingi ni kabla ya zamu yake ya kwanza, kwa hiyo usiwe kwenye foleni ya soseji.

Zamu ya pili ni mpinzani. Juni 21 Devers aliwapiga Red Sox homurani ya pointi mbili, Giants wakashinda 3-2. Hakuna aliyewaomba Boston msamaha, na haikuhitajika.

Mhasibu wa Besi

Kuhusu kupima biashara, nitasema moja: siku ya kwanza kila shabiki anahesabu wachezaji na kusahau fedha. Boston walipata Jordan Hicks na Kyle Harrison, wote warushaji, na vijana wawili, James Tibbs III na Jose Bello. Ukiishia hapo, ni wizi wa mchana. Lakini Giants walibeba mshahara wote uliobaki, zaidi ya dola milioni 250 hadi 2033, na ndio uliokuwa mzigo mkubwa kwenye meza. Hicks naye alikuwa na mkataba wake, kwa hiyo fedha kiasi zilirudi upande huu. Kisha Tibbs hakufika hata kuvaa jezi ya Fenway: mwisho wa Julai alipelekwa Dodgers ili apatikane mrushaji Dustin May. Biashara moja inazaa nyingine, ndiyo maana hukumu ya wiki ya kwanza hailiki.

Linganisha na Soto. Nationals walipomtoa, watu walisema klabu imekufa. Waliopokelewa ni pamoja na CJ Abrams, MacKenzie Gore na James Wood. Abrams akaitwa mechi ya nyota 2024, Gore na Wood 2025. Miaka mitatu. Sisemi ilikuwa sahihi, klabu ilibaki mkiani, nasema hukumu inachukua muda huo.

Binafsi naona Boston waliuza kwa hasira.

Saa Nane Usiku

Kwa wanaotaka kuendelea kumfuata, kumbukeni kwamba uwanja umebadilika, msimpime kwa homurani pekee. Devers anapiga kwa kushoto na ana nguvu ya kupeleka mpira upande wa pili. Fenway ukuta wa kushoto uko futi 310 tu, kama mita 94, na urefu wake unapita mita 11. Mpira wa juu unaupiga ukuta, yeye anafika besi ya pili. Mpira ule ule Oracle Park, uwanja wa Giants, ambako mstari wa kushoto ni futi 339, unadakwa. Kulia kuna futi 309, unadhani ni sherehe, ila ukuta una futi 24, na kati ya kulia na katikati uzio unakimbilia futi 415. Hewa ya ghuba nayo ni baridi na nzito. Tazameni wRC+, kipimo cha upigaji kinachorekebisha tofauti za viwanja: 100 ni mchezaji wa kawaida, 130 ni 30% juu ya wastani.

Saa: mechi za jioni za Boston nyingi huanza 7:10, kwetu ni saa nane na dakika kumi usiku. Za San Francisco za 6:45 ni saa kumi na moja kasorobo alfajiri, zinakwisha ukiwa kwenye daladala. Kwa asiye na bando, Gameday ndani ya programu ya MLB, ligi yenyewe, inaonyesha kila mrusho kwa michoro na hailambi data.

Bi Kona

Na sisi tulioko Muscat?

Saa Nane Usiku

Ongeza saa moja, dada. Walioko Bujumbura na Lubumbashi wapunguze moja.