Mwekezaji anataka kujenga viwanja vya michezo kwenye eneo la wazi la mtaa wetu hapa Dar. Tudai nini?

Mama Wawili (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu.

Naomba ushauri wa haraka, mkutano wa mtaa ni Jumamosi hii. Mtaa siutaji kwa sasa, ila ni hapa hapa Dar. Tumebakiwa na eneo la wazi moja tu, linatosha uwanja mmoja kamili na ziada upande wa barabara. Pembeni kuna miembe na mwarobaini mkubwa, chini yake wapo mama lishe na kijiwe cha boda. Alfajiri wanapita watu wa jogingi. Jioni watoto wanapiga chandimu upande mmoja, timu ya mtaa inafanya mazoezi upande wa pili. Idd tunaswali pale, na msiba ukiwa mkubwa maturubai yanafungwa pale. Masika katikati panakuwa dimbwi.

Sasa imekuja kampuni na pendekezo la ubia na manispaa, huu wanaouita PPP. Watajenga uwanja wa nyasi bandia wa saba kwa saba, uwanja wa kikapu na netiboli, taa, vyoo, maegesho, mgahawa, na safu ya fremu za biashara upande wa barabara. Wataendesha miaka 25, halafu wanakabidhi kwa manispaa. Tumeonyeshwa picha za kompyuta, nzuri kweli. Nilipouliza mtoto wa hapa ataingiaje, nikajibiwa "jamii itanufaika kwa utaratibu utakaopangwa". Nilipoomba nakala ya pendekezo, nikaambiwa bado ni la ndani.

Viwanja mimi sivipingi. Binti yangu anacheza mpira pale pale kwenye vumbi pamoja na wavulana, na natamani acheze mahali penye taa na choo kinachofungika. Ninachoogopa ni uzio wenye geti na mlinzi, na mtoto anaambiwa alete hela. Wenye uelewa naomba mnisaidie: wananchi tuna nafasi gani hapa, na tudai nini kabla hatujachelewa?

---

Kijana wa Bondeni

Kataeni. Eneo la wazi likishapigwa uzio Dar hii, halirudi. Maeneo mangapi tulichezea utotoni leo ni ukumbi, gereji au nyumba ya mtu? Miaka 25 mtoto wa leo anakuwa mzazi.

---

Kocha Mchangani

Kaka hapo juu, nakuelewa, lakini kukataa tu hakulindi eneo. Mimi nafundisha vijana mchangani miaka mingi. Maeneo tuliyoyaona yanaliwa hayakuliwa na viwanja vya michezo. Yaliliwa kwa sababu yalikuwa wazi bila mwenyewe: anaanza fundi magari na gari moja bovu, anafuata muuza kokoto, kesho kuna ukuta na mtu ana karatasi mkononi. Eneo lenye viwanja vinavyotumika kila siku lina watu wa kulipigania.

Na ubia si kitu kigeni hapa. Nendeni Kidongo Chekundu mkauone JMK Park, uliofunguliwa 2015 kwa ushirikiano wa Symbion Power na klabu ya Sunderland ya Uingereza. Pale palikuwa uwanja wa kawaida tu. Tena AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Tutajaza uwanja wa Mkapa kushangilia, halafu watoto wetu wajifunze kupiga pasi kwenye dimbwi?

Dada, nenda mkutanoni na masharti. Usiende na bango la kupinga.

---

Mpimaji Mstaafu

Mama Wawili, nimefanya kazi za mipango miji kwenye halmashauri hadi nilipostaafu. Soma polepole, maana mengi yanaamuliwa kabla ya Jumamosi.

Anza na mchoro wa mipango miji wa eneo lenu. Uko ofisi ya mipango miji ya manispaa. Angalia eneo limeandikwa matumizi gani: la wazi, viwanja vya michezo, au jambo jingine. Kama ni la wazi au la michezo, mpira hauna tatizo, ila fremu na mgahawa ni biashara. Hapo linaingia suala la kubadili matumizi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na hilo lina utaratibu wake wa kutangazwa ili wenye pingamizi walete. Mara nyingi wakazi wanajadili uwanja huku uamuzi wenyewe uko kwenye fremu.

Pili, uliza ubia huu ni wa aina gani. Kuna ubia unaopita kwenye Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya 2010 pamoja na marekebisho yake. Huo unadai upembuzi yakinifu, yaani uchunguzi wa kama mradi unafaa na unalipa, na kwa kawaida unadai zabuni ya ushindani hata kama wazo limeletwa na kampuni yenyewe. Msamaha wa ushindani upo, lakini una masharti. Halafu kuna upangishaji wa ardhi ya manispaa ambao mdomoni unaitwa ubia. Hivi ni vitu viwili tofauti, na ulinzi wa mwananchi haulingani. Uliza swali hilo mbele ya watu, na jibu liandikwe.

Kuhusu nakala uliyonyimwa: andika barua chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Raia yeyote anaruhusiwa kuomba, na ofisi inatakiwa ijibu ndani ya siku 30. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Omba upembuzi yakinifu, rasimu ya mkataba, na ramani yenye vipimo. Picha za kompyuta hazimfungi mtu yeyote.

Mwisho, na hapa wengi wanaumia. Mkutano wa mtaa hauidhinishi mradi wa namna hii, Baraza la Madiwani ndilo linaloamua. Lakini muhtasari wa mkutano wenu ndio utakaoambatanishwa kama ushahidi kwamba wananchi mlishirikishwa. Itazungushwa karatasi ya mahudhurio, majina, namba za simu na sahihi. Ikiwa haina kichwa juu, msisaini. Kichwa kiandikwe kwanza: "Mahudhurio ya mkutano wa tarehe fulani". Nimewahi kuona karatasi ya mahudhurio ikifika juu kama orodha ya waliokubali.

---

Mama Wawili

Mzee wangu, shikamoo, na asante sana. Hilo la karatasi ya mahudhurio sikulijua kabisa. Kesho naenda kuuangalia mchoro. Je, tukishindwa kuelewana nao, mahakamani inawezekana?

---

Mpimaji Mstaafu

Marahaba. Inawezekana, ila njia ni ndefu. Kuishtaki halmashauri kunaanza na notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya sheria ya 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe na shauri liende Mahakama Kuu. Siku 90 zinatosha kabisa greda kuanza kazi. Nguvu yenu iko sasa, kabla ya mkataba kusainiwa. Mshikeni diwani wenu, yeye ndiye mwenye kura barazani.

---

Fundi Mifereji

Naongezea la kiufundi ambalo picha za kompyuta hazionyeshi.

Hilo dimbwi lenu la masika linafanya kazi. Ardhi ile inanyonya maji ya paa zote zinazoizunguka. Mkiweka matofali ya pevingi kwenye maegesho, zege kwenye kikapu, mapaa ya fremu, na nyasi bandia juu ya kokoto zenye mabomba chini, maji hayatatuama tena pale. Yataondoka. Yanakwenda wapi? Kama jibu ni "kwenye mtaro wa barabara", nendeni mkautazame mtaro huo siku ya mvua. Nyumba za upande wa chini ndizo zitakazolipia uwanja. Dai mchoro wa mifereji kabla ya yote, na uliza kama mradi umepelekwa NEMC, yaani baraza la taifa la mazingira, kwa tathmini ya mazingira.

Nyasi bandia nazo si za milele. Kwa kawaida zinadumu miaka 8 hadi 10 hivi, kutegemea matumizi na matunzo. Ndani ya miaka 25 zitabadilishwa kama mara mbili. Mkataba useme nani analipa, na useme siku ya kukabidhi zitakuwa na hali gani. La sivyo, mwaka wa 25 mtapokea zulia lililochakaa na nguzo zenye kutu, na manispaa haitakuwa na fungu la kulitengeneza.

Uliza pia wanajaza nini kati ya majani. Wengi wanamwaga punje za mpira wa matairi ya zamani, na mvua inazisomba hadi mtaroni. Umoja wa Ulaya mwaka 2023 ulipitisha katazo la kuuza punje hizo kwa viwanja, ukatoa muda wa mpito wa miaka 8. Na jua letu la saa saba mchana, nyasi zile zinaunguza. Watoto wa chandimu wengi wanacheza pekupeku. Miti yenu isikatwe.

---

Bi Netiboli

Mimi nazungumza kwa niaba ya wanawake. Sisi tumepitia jambo hili mtaa mwingine, mwendeshaji simtaji. Tuliahidiwa muda wa jamii. Tukaja kupewa asubuhi za siku za kazi, saa ambazo watoto wako shule na sisi tuko sokoni. Jioni na wikiendi zote ziliuzwa kwa watu wa maofisini, wanaweka nafasi kwa simu wiki nzima mbele. Tulipolalamika, tukaonyeshwa kwamba ahadi imetimizwa, muda wa jamii upo. Na kweli ulikuwepo, ila hakuna aliyeweza kuutumia.

Kwa hiyo mdogo wangu, usidai "muda wa bure". Dai siku na saa kwa majina yake: kila siku ya kazi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni watoto wa mtaa bila malipo, Jumamosi asubuhi yote jamii, na ndani ya hapo wasichana wawe na zamu yao isiyoguswa. Wasipotengewa, wavulana watajaza uwanja, nimeliona kwa macho yangu. Kupanda kwa bei ya kukodi nako kusiachwe mkononi mwa mwendeshaji peke yake.

---

Kijana wa Bondeni

Nimewasoma wote. Kwa masharti ya Bi Netiboli na Fundi naweza kukaa upande wenu, ila uzio bado unanikera. Kwa nini eneo lote lizungushiwe? Wazungushie nyasi zao, sehemu yenye miti ibaki wazi usiku na mchana. Na Idd je? Na misiba?

---

Kocha Mchangani

Hapo umegonga penyewe. Wavu wa kuzuia mpira kuzunguka kiwanja, sawa. Ukuta kuzunguka mtaa, hapana. Na fremu zisigeukie barabara zikaziba eneo lisionekane.

---

Mama Wawili

Nimetoka kuuona mchoro. Eneo limeandikwa la wazi, halina biashara hata mita moja. Afisa amenipokea vizuri, barua ya kuomba taarifa imegongwa muhuri. Diwani amesema atakuja Jumamosi.

Nimeandaa maneno haya yaingie kwenye muhtasari, naomba myapitie:

"Wakazi wanaunga mkono ujenzi wa viwanja vya michezo endapo ardhi itabaki ya umma na haitawekwa rehani, sehemu yenye miti itabaki bila uzio, watoto wa mtaa watacheza bure kila siku ya kazi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, wasichana wakiwa na zamu yao, Jumamosi asubuhi itakuwa ya jamii, swala ya Idd na misiba vitapewa nafasi bila malipo, mchoro wa mifereji na rasimu ya mkataba vitaletwa kwenye mkutano wa wakazi kabla ya kufika Baraza la Madiwani. Bila haya, wakazi hawajakubali."

---

Mpimaji Mstaafu

Ongeza mistari miwili: fremu hazijakubaliwa mpaka pendekezo la kubadili matumizi litangazwe na watu watoe pingamizi, na gharama ya kubadilisha nyasi ni ya mwendeshaji. Sentensi ya mwisho usiiguse, hiyo ndiyo muhimu kuliko zote. Mwombe mtendaji ausome muhtasari kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kisha uupige picha kila ukurasa hapo hapo.