Mbuzi wananyonyoka manyoya na upele hawana. Naombeni ushauri

MfugajiMuheza: Habari za leo wakuu. Nina mbuzi wa maziwa saba, nawafugia bandani. Tangu kiangazi kikaze nawakatia majani ya lukina, ile miti ya malisho ya mpakani mwa shamba, asubuhi na jioni, maana wanaipenda mno. Huu mwezi wa pili. Manyoya ya mkiani na mgongoni yanatoka hata ukiyagusa, mate yanawadondoka, na juzi jike mmoja kazaa kitoto kimekufa, shingoni kina uvimbe. Roho imeniuma sana. Nimewachoma sindano ya upele mara mbili, wapi! Nifanyeje?

Mzee wa Zizi: Pole sana mwanangu. Wanajikuna? Ngozi ina magamba?

MfugajiMuheza: Hapana mzee, ngozi safi kabisa.

DaktariWaMifugo: Basi acha sindano, hiyo ni lukina. Majani yake, hasa machipukizi, yana sumu iitwayo mimosini, na hiyo ndiyo inayonyonyoa manyoya. Ikifika kwenye tumbo kubwa inageuka sumu nyingine iitwayo DHP, inayozuia tezi ya shingo kutengeneza homoni. Uvimbe wa kile kitoto ni rovu, yaani tezi hiyo imevimba. Usiichukie lukina, protini yake inayapita matete mbali sana. Tatizo ni kuwapa hiyo tu. Isizidi theluthi moja ya chakula cha siku.

MamaSwalha: Mbona shemeji yangu analisha lukina miaka yote na mbuzi wake wananenepa?

DaktariWaMifugo: Inawezekana kabisa dada. Australia ng'ombe walikuwa wakiugua kwa lukina, wakati mbuzi wa Hawaii wanaila bila shida. Mtafiti Raymond Jones akaonyesha kwamba wale wa Hawaii wana bakteria tumboni wanaoimaliza DHP. Miaka ya 1980 bakteria hao wakapandikizwa kwa ng'ombe wa Australia, wakaweza kuila. Mwaka 1992 wakapewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima yake. Huenda mbuzi wa shemeji yako wanao, wa huyu ndugu hawana. Kwa macho huwezi kujua.

Mzee wa Zizi: Changanya na matete, mabua ya mahindi, majani ya migomba. Ila usiikimbie lukina ukajaza kaliandra tupu, ule mti mwingine wa malisho, una tanini nyingi, inaishika protini mnyama asifaidi. Na mtama uliochipua upya baada ya kukatwa usiwape kabisa! Una sumu ya sayanaidi. Nilipoteza ng'ombe wawili asubuhi moja, hata daktari hakuwahi kufika.

MfugajiMuheza: Asanteni sana. Kuna jike ana mimba ya miezi minne, huyo nimpe hiyo theluthi?

DaktariWaMifugo: Huyo usimpe hata jani mpaka azae. Mpe majani mengine, pumba na mashudu kidogo. Hao wengine nao wapumzishe lukina kwanza mpaka manyoya yaanze kuota, ndipo uwarudishie kidogo kidogo. Na mtaalamu wa mifugo wa kata aje aishike shingo ya kila mmoja, asiache hata wale wanaoonekana wazima.