Dalali wa malipo ya dawa amenilipa chini ya bei niliyonunulia dawa, kisha ananiletea barua ya kutaka kuninunua

Wanajukwaa, sina haja ya kumtaja, kwa kuwa kila mwenye duka la dawa hapa Marekani anamjua dalali anayekaa kati yetu na bima za Medicaid, yaani mpango wa serikali wa matibabu kwa watu wa kipato kidogo, akipanga sisi tulipwe nini na serikali itozwe nini. Leo nimempa mama mmoja vidonge vya shinikizo la damu, na malipo yaliyorudi kwenye kompyuta yalikuwa chini ya bei ya msambazaji. Kabla sijamaliza kuguna, ikafika barua kutoka kampuni dada ya dalali huyo huyo, ikiniuliza kwa upole kama nimechoka na ningependa kuwauzia duka. Amenikaba koo, kisha ananiuliza bei ya sanda!

Huko Ohio, mkaguzi wa jimbo, Dave Yost, alionyesha mwaka 2018 kwamba madalali walibaki na dola milioni 224.8 kwa mwaka mmoja, yaani tofauti kati ya walichotoza bima za Medicaid na walichoyalipa maduka. Jimbo hilo likaja kuweka msimamizi mmoja wa malipo hayo ya dawa, anayewajibika kwa serikali moja kwa moja, naye akaanza kazi Oktoba 2022. Mahakama Kuu ya Marekani nayo iliiruhusu Arkansas, Desemba 2020, kuwabana madalali kuhusu malipo ya maduka. Wabunge wa jimbo letu wanasubiri nini?

Lakini barua, jamani, barua! Ilikuja na bahasha ya jibu iliyokwisha kulipiwa stempu, na stempu hiyo imezidi faida yangu ya mwezi mzima.

Mzee wa Kaunta: Pole, mkuu, ila umetuficha jambo la maana: wametaja bei gani? Langu hata dalali halimtamanishi.

Bi Vidonge: Afadhali wewe umelipwa pungufu. Mimi wakaguzi wao wameninyang'anya malipo yote ya dawa ghali niliyokwisha kulipwa kwa sababu tarehe moja haikuandikwa, ilhali mgonjwa alishaimeza na kupona.

Sukari Imepanda: Ninyi mnalilia faida, sisi wagonjwa je? Orodha yao ya dawa zinazolipiwa na bima inapendelea dawa ya bei kubwa kwa kuwa mtengenezaji huwarudishia punguzo nono, na ile nafuu mpaka niombe kibali.

Mzee wa Kaunta: Bi Vidonge, hao wakaguzi wa tarehe wamenipitia na mimi. Fungua uzi wake, dada yangu, nina mengi ya kusema.