Zebra imefutika mbele ya shule, tumdai nani?

Wakuu, mdogo wangu kagongwa na bodaboda kwenye zebra iliyofutika kabisa, mbele ya shule ya msingi. Kavunjika mguu. Mwenyekiti wa mtaa alishaandika barua, kimya. Naweza kuishtaki serikali?

— Pole sana mkuu. Jua kwanza barabara ni ya nani: kuu na za mkoa ni TANROADS, za wilaya na mitaa ni TARURA (zote ni wakala za serikali za barabara Tanzania).

— Kabla ya kesi unatoa notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya sheria mwaka 2020, huyo Mwanasheria Mkuu anaunganishwa kwenye kesi hata ukishtaki halmashauri. Piga picha leo, kabla hawajapaka rangi! Nakala ya ile barua ina muhuri wa kupokelewa? Hiyo ndiyo inaonyesha walijua.

— Muhuri upo. Naenda kupiga picha sasa hivi.