Naombeni ushauri: vijana 24, kambi ya ziwani Kayenze, nataka wao ndio waongoze

MleziWaIlemela
Wakuu, habari za jioni. Nalea klabu ya mazingira ya sekondari moja hapa Ilemela, Mwanza. Vijana ni 24, kidato cha pili na cha tatu, wavulana na wasichana. Likizo ya Juni tumepanga kukaa siku tatu upande wa Kayenze, kwenye shamba la familia ya mwalimu mwenzangu: mawe makubwa nyuma, Ziwa Victoria mbele. Mkuu wa shule hana pingamizi, ila anataka mpango wa maandishi ndipo asaini.

Mahema na chakula havinisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba vijana hawa wamezoea mno kutii. Ukisema leteni kuni, kuni zinakuja. Ukinyamaza, wote wanakutazama usoni. Wengi wao watamaliza shule hawajawahi kuamua jambo lolote zito, halafu tutawalaumu kwamba hawajui kuongoza. Nataka siku hizo waamue wenyewe. Lakini pale kuna ziwa, kuna radi, na wazazi wameshaanza kupiga simu kuuliza habari za maji.

Naomba mnisaidie: yapi niwaachie kabisa, na yapi nisiwaachie hata wakibembeleza? Na je, niwapeleke kisiwani Saanane kwa boti au tuishie nchi kavu?

Skauti wa Nyakato
Hongera mkuu, wazo zuri sana. Anza na ukubwa wa kundi. Vijana 24 wakiwa pamoja, wanaoongea ni watatu, waliobaki wanafuata tu. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alipofanya kambi yake ya majaribio kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwagawa wavulana katika makundi manne, kila moja na kiongozi kijana. Wewe gawa sita sita.

Kisha wape kazi ambayo wakiikosea wataona wenyewe. Fedha ya chakula iwe mikononi mwa kila kundi kabla ya safari. Waende soko la samaki la Mwaloni Kirumba wapatane bei ya dagaa, wapige hesabu ya mchele, mafuta na mkaa. Wakisahau chumvi, wale bila chumvi mpaka mmoja wao aamue kwenda kuazima kwa jirani. Usibebe chumvi ya akiba kwenye begi lako.

Kwenye kusimamisha mahema ndipo utajua kama umeweza kunyamaza. Watakuja: "Mwalimu, mlango tuuelekeze wapi?" Usijibu. Waulize upepo unatoka wapi sasa hivi. Watasema ziwani, maana ni mchana. Uliza tena: na usiku je? Hapo waache wabishane. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko maji, upepo unageuka, unatoka vilimani kwenda ziwani. Hema lililoupa kisogo upepo wa alasiri litapokea upepo mlangoni usiku wa manane. Kundi likishaamka mara moja kugeuza hema gizani, kesho yake utaona wanavyotazama miti kabla ya kupigilia vigingi.

Jambo jingine: Marekani kuna shule ya kufundisha uongozi porini inaitwa NOLS, aliyeianzisha ni mpanda milima Paul Petzoldt huko Wyoming mwaka 1965. Wanafunzi wenyewe hupokezana nafasi ya kiongozi wa siku, na jioni kundi linakaa kuzungumza siku ilivyoongozwa. Lichukue hilo kama lilivyo. Aanze kiongozi mwenyewe kueleza alichoamua na kwa nini, wafuate wenzake, wewe uwe wa mwisho na maneno yako yawe machache. Na usianze na wale wenye sauti kubwa. Yule binti asiyeongea darasani mpe siku ya pili, akiwa ameshaona mwenzake akifanya.

NahodhaIgombe
Mwalimu, ya mahema na chumvi nakubaliana nayo. Ya maji nisikilize mimi, nimekulia humu.

Kwanza, usipande mtumbwi wa uvuvi kwa sababu tu mwenyewe ni rafiki yako. Tafuta boti iliyokaguliwa na TASAC, wale wa serikali wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini. Hesabu majaketi ya kujiokolea mwenyewe, kwa mkono wako, kabla watoto hawajafika ufukweni. Kila mmoja avae lake, afunge vishikizo vyote, halafu mwenzake amshike jaketi mabegani avute juu. Likipanda mpaka masikioni, ni kubwa kwake, abadilishiwe.

Pili, mkae mpaka boti ifungwe kamba. MV Nyerere, kile kivuko cha abiria, ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa imeshakaribia gati la kisiwa cha Ukara, imejaza kupita kiasi, na watu zaidi ya 220 walikufa. Watu wa Ukerewe hatuhitaji kukumbushwa, lakini hao watoto walikuwa wadogo. Waeleze, usiwatishe. Waambie hatari haiishi kwa kuona nchi kavu.

Sasa kuhusu uongozi, maana ndilo swali lako. Uamuzi wa kuondoka uwe wa nahodha na wako, vijana wasipige kura. Ila neno "turudi" mpe kila mmoja, hata mdogo kuliko wote. Akilisema, boti inageuka, na hakuna atakayemcheka wala kumhoji mpaka mfike. Sisi wavuvi tumezika vijana ambao mmoja wao aliliona wingu akaona haya kusema. Ukimfundisha mtoto kutoona haya ndani ya boti, hiyo kazi yako imetosha.

Mama Kabula
Mwalimu, mimi ni mzazi, na ningekuwa miongoni mwa hao wanaokupigia simu. Awepo mwalimu wa kike anayelala kambini, si wa kuja mchana na kuondoka. Choo cha wasichana kiwe mbali na cha wavulana, kiwe na mwanga wa tochi na ndoo ya maji. Taulo za kike zibebwe bila msichana kulazimika kuomba. Na kazi zigawanywe vizuri: nimeona kambi ambazo wavulana wanasoma dira, wasichana wanapika. Binti yangu akienda kupika tu, heri abaki nyumbani anisaidie mimi.

Mdau2
Kwa heshima zote, haya mambo ya kulala porini ni ya wazungu. Uongozi si wafundishwe hapo hapo shuleni?

Mzee wa Magu
Kijana, hapana. Usukumani mtoto wa miaka kumi alikuwa anakabidhiwa ng'ombe za ukoo mzima. Aamue mwenyewe leo malisho wapi, maji wapi, lini arudi, na asiingize mifugo kwenye ngitili, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya kiangazi. Akipoteza ndama, anakuja kueleza mbele ya wazee. Huo uongozi hakuupata darasani. Mwalimu, mtafute mzee wa hapo Kayenze aje jioni moja, awaonyeshe namna ya kusoma mawingu, majina ya miti, na ipi haichomwi. Hutajuta.

MleziWaIlemela
Shikamoo mzee wangu. Hilo la ndama nitalitumia. Nahodha, Mama Kabula, nimewaelewa vizuri sana. Je, kuoga ziwani? Vijana wanalilia hilo kuliko yote.

Nesi wa Zamu
Usiruhusu, mwalimu, na usione unawanyima raha. Kichocho cha tumbo kipo huku kwetu. Konokono wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, pale pale watoto wanapopenda, na vijidudu hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia asubuhi ya saa nne hivi hadi alasiri. Vinapenya ngozi kwa dakika chache, na kujifuta kwa taulo hakuzuii kwa uhakika. Maji ya kuoga yachotwe, yakae kwenye pipa lililofunikwa siku mbili nzima, au yachemshwe. Ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote. Hilo la maji mpe kijana mmoja kila kundi, aweke alama ya siku na saa kwenye pipa. Vyandarua kila hema.

Radi: mkiona mwanga na ngurumo ikafika kabla hamjamaliza kuhesabu 30, wote kwenye nyumba ya shambani. Msikae juu ya mawe, wala chini ya mti, wala kwenye pango la mawe. Mtoke dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Hapo hakuna majadiliano, ila anayehesabu awe kijana.

NahodhaIgombe
Saanane mwalimu wapeleke, ila siku ya kurudi mjini, mkitokea Capri Point, ni karibu. Tangu 2013 ni hifadhi ya taifa, mtatembea na mtu wa hifadhi, na kuna pimbi na swala pala wa kutosha kwa kazi ya kuchunguza nyayo. Ngurumo zetu nyingi ni za usiku kuamkia asubuhi, na alasiri upepo unakuza mawimbi. Soma utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, jana yake. Kama anga imetulia, ondokeni saa nne, saa nane muwe mmerudi.

MleziWaIlemela
Nimeshaandika. Karatasi ya mkuu wa shule ina safu mbili. Ya kwetu watu wazima: kuingia majini, radi, dawa, na nani analala wapi. Ya vijana: fedha, chakula, mahali pa hema, zamu, njia ya kupanda mawe, maji ya pipa, na neno "turudi". Kesho naipeleka kwa viongozi wa makundi kwanza waisome, ndipo iende ofisini.

Skauti wa Nyakato
Wakitaka kuongeza kitu kwenye safu yao, waache waongeze.