Tupeane uzoefu: Albamu ya jazi ya kuimbwa iliyokuteka mwaka huu

Mleta mada

Ndugu wapenzi wa muziki, habari zenu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikisikiliza jazi kwa ajili ya ala tu, na mwimbaji alipofungua kinywa nilimwona kama mtu anayenicheleweshea saksafoni. Aliyenibadilisha ni Samara Joy, binti wa Bronx, New York, aliyetwaa tuzo ya Grammy ya msanii bora mpya mwaka 2023. Nilianza na *Portrait*, albamu yake ya mwaka 2024, ambayo niliifungua kwa sababu moja tu: ilirekodiwa katika studio ya Van Gelder, New Jersey, ambamo mpiga saksafoni John Coltrane alirekodi *A Love Supreme*. Yaani hata hapo nilikuwa bado nafuata saksafoni.

Kilichoninasa ni *Reincarnation of a Lovebird*, utungo wa Charles Mingus ambao awali haukuwa na maneno, naye Samara akauandikia ya kwake. Anauanza peke yake, bila piano wala besi, sauti ikipanda na kushuka pasipo kitu cha kujishikiza, na ala zinapoingia zinamkuta palepale anapotakiwa kuwa. Nilikuwa naosha vyombo. Niliurudisha mwanzo mara nne, nikiwa nimesimama na sahani mkononi huku povu likinikaukia viganjani.

Naomba kila mmoja atueleze albamu moja na namna ilivyomfikia. Si lazima iwe imetoka mwaka huu. Inatosha iwe mpya kwako.

Mchangiaji wa kwanza

Ahsante kwa mada. Yangu ni *Mélusine* ya Cécile McLorin Salvant, ya mwaka 2023, na nakiri kwamba mara ya kwanza niliizima kabla ya kufika katikati. Sehemu kubwa imeimbwa kwa Kifaransa, nami sikijui. Humo mna pia Kioksitani (lugha ya kusini mwa Ufaransa), Kiingereza na Krioli ya Haiti, na baadhi ya nyimbo zina asili ya karne ya 12. Niliiweka huku nikifanya kazi nyingine, ikanipita kama mazungumzo ya watu wa chumba cha pili.

Miezi kadhaa baadaye nikasoma kisa chenyewe. Mélusine ni mwanamke ambaye kila Jumamosi nusu ya mwili wake hugeuka nyoka, na mumewe ameahidi kutomtazama siku hiyo. Naye, kama ilivyo ada ya waume wa hadithi, anachungulia. Niliporudi kwenye albamu nikiwa na kisa hicho kichwani, nikaisikiliza kwa mpangilio wake mwanzo hadi mwisho, niligundua kwamba sauti ya Cécile yenyewe hugeuka: mahali pengine ni ya mtoto anayebembeleza, na mstari unaofuata inakwaruza kama ya bibi mwenye hasira. Maneno bado siyaelewi, lakini pale Mélusine anapochunguliwa napajua.

Mchangiaji wa pili

Mimi nimechelewa kwa miaka sitini na kitu: *John Coltrane and Johnny Hartman*, ya mwaka 1963. Ina nyimbo sita tu, kama nusu saa hivi. Programu niliyokuwa nikiitumia ilikuwa ikichanganya nyimbo kwa namna yake na kupachika matangazo katikati, kwa hiyo nilikuwa nimezisikia zote bila kujua kuwa ni za albamu moja. Hartman ana sauti nzito, haharakishi neno lolote. Isikilizwe taa zikiwa zimezimwa.

Mchangiaji wa tatu

Naleta *Zenzile* ya Somi, ambamo amezifanyia upya nyimbo za Miriam Makeba. Ilitoka tarehe 4 Machi 2022, siku ambayo Makeba angetimiza miaka 90, na Zenzile ndilo jina lake la kuzaliwa. Niliiendea kwa mashaka, maana nyimbo hizo nimezizoea kwa sauti ya mwenyewe, na nilidhani Somi atajaribu kumwiga. Hakujaribu. *Pata Pata*, ambayo kila mtu huijua kwa kuichezea, hapa imepoozwa hadi unaketi chini. Kuna wageni wengi, wakiwemo Angélique Kidjo na Ladysmith Black Mambazo, na kwa maoni yangu wangepunguzwa kidogo, kwa sababu Somi ananigusa zaidi anapokuwa na wapigaji wake tu.

Mleta mada

Nashukuru sana. *Zenzile* nitaianza wiki hii. Ya Hartman nimeisikiliza jana usiku, taa zimezimwa kama nilivyoagizwa. Coltrane alipoingia na saksafoni yake, ile niliyoifuata miaka yote hii, nilijikuta nasubiri amalize ili Hartman arudi.