Timu iliyotutoa nusu fainali inanitaka, na imejaa nyota. Nikienda nitaliharibu jina langu?

Namba_Tisa (mleta uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Naomba mnisome mpaka mwisho, jambo hili linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Nina miaka 27, ni dada, nacheza mpira wa kikapu nafasi ya pointi gadi, yaani mchezeshaji wa timu. Timu yangu nimeichezea misimu sita, na minne kati ya hiyo nimekuwa nahodha. Niliikuta inashika mkia. Tukapanda kidogo kidogo, na msimu huu tukafika nusu fainali kwa mara ya kwanza. Anayeshinda mbili kati ya tatu ndiye anapita. Ya kwanza tulishinda, ya pili tukapigwa vibaya. Ya tatu, zimebaki sekunde 9, tuko nyuma kwa pointi moja, nikachezewa rafu na kupewa mitupo miwili ya adhabu. Wa kwanza uligonga chuma ukatoka. Wa pili ulizunguka juu ya ringi, nikauona kabisa unaingia, ukamwagika nje. Wenzetu wakaenda kuchukua ubingwa, wa tatu mfululizo.

Timu hiyo hiyo sasa ndiyo inanitaka. Ina wachezaji wanne wa timu ya taifa. Nahodha wao, ambaye naye ni pointi gadi, alinipigia mwenyewe na akazungumza nami kwa heshima sana.

Sijamwambia mtu, lakini tetesi zimeshavuja. Mwenzangu mmoja, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kutoa pasi ya kudundisha, ametoka kwenye kundi letu la WhatsApp bila kusema neno. Kila nikifikiria kwenda namkumbuka Kevin Durant, nyota wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, na yaliyosemwa juu yake alipohamia timu iliyomtoa. Je, mchezaji akienda kwenye timu ya nyota heshima yake inashuka kweli, au ni maneno ya mashabiki tu? Naombeni ushauri wenu.

Mchambuzi_Kikapu

Pole sana dada kwa ile mitupo. Ushauri wangu ni mmoja: usiende huko.

Umemtaja Durant, basi tumtazame vizuri. Mwaka 2016 timu yake, Oklahoma City Thunder, walikuwa wanaongoza kwa mechi 3-1 dhidi ya Golden State Warriors kwenye fainali ya kanda ya magharibi, ambapo anayefikisha nne ndiye anapita. Mechi ya sita ilichezwa nyumbani kwao Thunder. Klay Thompson wa Warriors akawamiminia mitupo 11 ya pointi tatu, na Durant akaingiza 10 tu kati ya 31 aliyorusha. Wakapoteza ile, wakapoteza na ya saba. Tarehe 4 Julai akatangaza kwamba anakwenda Warriors.

Na Warriors hao walikuwa mabingwa wa 2015 ambao msimu ule walishinda mechi 73 kati ya 82. Alihamia kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa. Pete mbili za ubingwa akazipata, 2017 na 2018, na mara zote mbili akawa mchezaji bora wa fainali. Lakini ukizitaja popote hukosi mtu wa kuziwekea "ila". Baadaye Stephen Curry, nyota wa Warriors, akachukua ubingwa wa 2022 bila yeye, tena akiwa mchezaji bora wa fainali, na ile "ila" ikazidi kuota mizizi. Wewe unaitwa na timu iliyokutoa, tena bingwa mara tatu. Ni hadithi ile ile.

Goti_Moja

Mimi nasema nenda, na uende mapema. Karl Malone aliichezea Utah Jazz misimu 18. Alipoamua kwenda Lakers mwaka 2003 kwa Shaquille O'Neal na Kobe Bryant, pamoja na Gary Payton, alikuwa anakaribia miaka 40. Wakafika fainali, goti likamsaliti, na Detroit Pistons wakawafunga 4-1. Akastaafu bila pete. Charles Barkley naye alikwenda Houston 1996 kwa Hakeem Olajuwon na Clyde Drexler akiwa amechoka tayari, na hakuambulia kitu.

Jina langu la jukwaani nimelichagua kwa sababu goti langu moja halifai tena. Nilikataa mwaliko nikiwa na umri kama wako. Wa pili haukuja.

Radi_ya_Magharibi

Naomba niseme kama shabiki aliyeumia. Thunder nilianza kuifuatilia kwa ajili ya Mtanzania Hasheem Thabeet, aliyekuwa pale kuanzia 2012 hadi 2014. Thabeet akaondoka, mimi nikabaki kwa ajili ya Durant. Siku ile ya Julai niliisoma habari mara tatu nikidhani nimeielewa vibaya. Kuondoka kwake nilikuwa tayari kukupokea, maana alikuwa ametutumikia miaka mingi. Kilichonichoma ni alikokwenda.

Lakini haki itendeke. Fainali ya 2017 niliapa sitaitazama, na niliitazama. Mechi ya tatu huko Cleveland, Warriors wako nyuma kwa pointi mbili, zimebaki sekunde 45 hivi. Durant akaja na mpira mwenyewe, akasimama mbele ya LeBron James, nyota wa Cleveland, akarusha pointi tatu, ukaingia. Hakuna aliyembeba pale. Siku ile nilikubali kwamba mtu anaweza kuwa amechagua njia inayoniudhi na bado kazi yake ikawa ya kweli. Hasira yangu ilichukua miaka, ila iliisha.

Mzee_wa_Ringi

Mwanangu Namba Tisa, jambo hili ni la kale. Mwaka 1968 Wilt Chamberlain alihamia Lakers kwa Jerry West na Elgin Baylor. Watu wakaona ubingwa umekwisha kugawiwa. Msimu uleule Boston wakawafunga mechi ya saba ya fainali, na Wilt akasubiri hadi 1972. Boston wenyewe wa Bill Russell walichukua ubingwa 11 katika misimu 13, kikosi kimejaa nyota kila upande, na hakuna anayemdharau Russell.

Halafu angalia 2007. Kevin Garnett na Ray Allen wakapelekwa Boston kwa Paul Pierce. Nyota watatu wakubwa, msimu wa kwanza wakashinda mechi 66 na kuchukua ubingwa wa 2008. Mbona hakuna aliyewaita waoga? Kwa sababu msimu uliotangulia Boston ilishinda mechi 24 na kupoteza 58. Mashabiki hawahesabu nyota, wanaangalia hali ya timu siku uliyoingia mlangoni. Ukiikuta chini ukaipandisha, sifa ni yako. Ukiikuta juu, itabidi uieleze nafasi yako maisha yako yote.

Miami ya LeBron, Dwyane Wade na Chris Bosh iko katikati. Ile timu haikuwa bingwa walipokutana 2010, ilikuwa imetolewa raundi ya kwanza. Ndiyo maana lawama za LeBron zilipungua mapema kuliko za Durant, ingawa fainali ya 2011 alicheza chini sana na Dallas wakawachapa. Mechi ya nne alipata pointi 8 tu, mtu aliyezoea kupata 25 na zaidi. Mwaka uliofuata akarekebisha.

Dada_Ribaundi

Wote mnamzungumzia mwenye mpira. Naomba tumwangalie Bosh, maana dada yetu huenda akawa Bosh, si Durant.

Bosh alikuwa mfalme wa Toronto, pointi 24 kwa mechi msimu wake wa mwisho. Miami zikashuka hadi 18 na kitu, akawa mtu wa tatu, watu wakamcheka. Sasa nendeni mechi ya sita ya fainali ya 2013. San Antonio wanaongoza kwa pointi tatu. LeBron anakosa. Bosh anaruka katikati ya watu, anaukamata ule ribaundi, yaani mpira uliorudi baada ya kukosa, na bila kuushusha anamtafuta Ray Allen anayerudi nyuma kuelekea kona ya kulia. Zimebaki sekunde 5.2, mpira uko ndani, pointi tatu, sare. Kwenye muda wa nyongeza mtupo wa mwisho wa San Antonio unazuiwa na Bosh huyo huyo. Mechi ya saba hakupata pointi hata moja, sifuri kabisa, na wakawa mabingwa. Leo yumo kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu.

Kwa hiyo swali langu kwako ni la kazi. Nahodha wao ni pointi gadi kama wewe. Dakika mbili za mwisho mpira utakuwa mikononi mwa nani? Wewe utakuwa uwanjani au benchi? Je, uko tayari kupata sifuri siku ya ubingwa na bado ukalala vizuri? Muulize kabla hujasaini chochote.

Namba_Tisa

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Shikamoo Mzee wa Ringi, kwa kipimo chako mimi nahesabiwa na akina Durant, na imeniuma kwa kuwa ni kweli. Dada Ribaundi, swali hilo sijamuuliza. Nadhani niliogopa jibu.

Kona_ya_Kulia

Mbona hakuna aliyesema yaliyompata Ray Allen baada ya Boston? Yeye ndiye anafanana na wewe zaidi. Mwaka 2012 Miami waliwatoa Boston katika mechi saba. Wiki chache baadaye Allen akajiunga na Miami hao hao. Mechi ya ufunguzi alikwenda benchi la Boston kuwasalimia, akamgusa Garnett begani. Garnett hakugeuza hata shingo. Watu waliochukua ubingwa pamoja!

Walikumbatiana hadharani Machi 2022, siku jezi ya Garnett ilipotundikwa Boston. Karibu miaka kumi. Mtupo ule wa kona unaoneshwa mpaka leo na heshima ya Allen kwa dunia haikupungua hata chembe. Lakini kilichovunjika kilikuwa kati yake na watu waliokuwa wanabadilisha naye nguo chumba kimoja. Huyo mwenzako aliyetoka kwenye kundi ana uzito kuliko maneno ya jukwaa zima hili.

Mchambuzi_Kikapu

Kona, umenigusa. Nilikuwa nazungumzia jina kana kwamba dada anachezea NBA mbele ya kamera. Bado naona asiende. Lakini nakubali kwamba Durant aliumizwa zaidi na ukubwa wa Warriors kuliko uamuzi wenyewe, maana baadaye Brooklyn alikuwa na nyota wenzake pia, Kyrie Irving na James Harden, na lawama za njia ya mkato hazikufika kiwango kile. Walitolewa na Milwaukee 2021 kwenye mechi ya saba, Durant akipata pointi 48. Ule mtupo wake wa mwisho wa muda wa kawaida ungekuwa wa pointi tatu pengine wangeshinda palepale. Kidole cha kiatu kilikanyaga mstari, ukahesabiwa mbili, wakaenda muda wa nyongeza na kupoteza.

Kocha_Mstaafu

Mdogo wangu, nimefundisha miaka mingi na wachezaji wengi wamepita mikononi mwangu wakihama. Mawili tu.

Kwanza, waambie wenzako wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla fomu haijapelekwa. LeBron alipokwenda Miami 2010 aliwaaga watu wa Cleveland kwenye televisheni, moja kwa moja, dunia nzima ikitazama, na ndicho kilichowafanya wachome jezi zake. Kuondoka peke yake kungeuma, lakini si kwa kiasi kile. Alirudi 2014, akawapa ubingwa wa 2016 kutoka nyuma 3-1, ndipo wakamsamehe. Wewe huenda usipate nafasi ya kurudi.

Pili, jiulize hili ukiwa peke yako. Ule mtupo wa pili ungeingia, ungekwenda? Kama jibu ni hapana, basi unaikimbia ringi ile, na itakufuata. Kama jibu ni ndiyo, nenda bila kuomba radhi kwa mtu.

Namba_Tisa

Wana jukwaa, nimerudi baada ya siku tano.

Nilimuuliza nahodha wao swali la Dada Ribaundi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ukweli: dakika za mwisho mpira ni wake. Mimi nitaingia robo ya pili kumpumzisha, na robo ya nne tukiwa pamoja nitacheza bila mpira. Alisema ananitaka kwa sababu kwenye nusu fainali nilimkaba mpaka akachoka, na hajawahi kukabwa hivyo. Ningechukia angenidanganya.

Swali la kocha limenichukua siku tatu. Jibu langu ni ndiyo, ningekwenda hata mtupo ungeingia. Misimu sita nimekuwa mimi ninayewafundisha wengine, na nina hamu ya kufundishwa kabla miguu haijakataa. Mzee wa Ringi, najua nitaulizwa juu ya hili. Nitajibu.

Jana baada ya mazoezi niliwakalisha wote katikati ya uwanja nikawaambia. Wawili walilia. Mmoja alikusanya viatu vyake akaondoka, na sikumfuata. Yule aliyetoka kwenye kundi alibaki wa mwisho. Hakunikumbatia. Aliniuliza tukikutana msimu ujao nani atanikaba. Nikamwambia ni yeye, kwa sababu anajua nikibanwa huwa nakimbilia kushoto. Akasema, "Najua sana."

Jioni alirudishwa kwenye kundi. Nikasoma ujumbe wake wa kwanza, halafu mimi ndiye nikatoka.